Aliyekaa Kutazama Penati

Mimi mpira siupendi, na nasema mapema ili mtu asije akaniambia nimeingilia mambo ya wanaume kwa sababu ya wivu. Tangu niolewe hapa Umlazi, Jumamosi ikifika saa tisa na nusu mume wangu Velaphi huwa si wangu tena. Huwa wa runinga, wa kochi la kahawia, na wa kaka yake.

Huyo kaka yake jina lake silitaji. Ukiolewa kwa kina Gumede hulitaji jina la kaka mkubwa wa mumeo, awe hai awe marehemu. Mimi nilimwita shemeji, yakaisha. Kila timu yao ilipokuwa na mechi kubwa alishuka kutoka Johannesburg, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, amebeba mkate mzima uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa mbuzi na achari ya embe. Yeye alikaa upande wa kulia wa kochi, Velaphi kushoto. Na Velaphi alikuwa na tabia moja: mpira ukimkolea, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye chakula cha kaka yake, macho hayatoki kwenye runinga. Shemeji anauchapa ule mkono, na yeye macho hayatoki kwenye runinga. Mama yao aliniambia wamekuwa hivyo tangu utotoni.

Sukari ikamchukua shemeji mguu. Baadaye ikamchukua mwenyewe, peke yake, katika wodi moja huko Johannesburg. Mwaka haujaisha, muuguzi wa kliniki yetu akakiangalia kidole cha mguu cha Velaphi, kile chenye kidonda kisichopona, akampima damu, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, huyu anapita njia ileile ya kaka yake. Sukari isiposhuka tutaanza na kidole, na baada ya kidole unajua kinachofuata. Mimi dawa nitampa, lakini dawa kubwa iko jikoni kwako."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira, na hofu iko chini ya hiyo hasira. Nilisema moyoni, huyu mtu simtoi. Amenikuta mdogo, amenizoesha kelele zake, leo aende zake kwa sababu ya soda na mafuta? Hathubutu.

Mwezi uleule mama mkwe wangu, MaSibisi, akaanza kuota. Akapiga simu kutoka Nongoma asubuhi na mapema. Anamwona mwanawe amesimama mlangoni mwa hospitali na gongo lake, anauliza gari iko wapi. Kosa likajulikana. Tulimzika hapa kwetu vizuri, lakini hakuna aliyekwenda kuichukua roho yake pale alipofia. Mwili ulikuja, yeye akabaki wodini.

Kwa hiyo Velaphi akatumwa na tawi la mkunazi mwitu, kama desturi ilivyo. Akafika kwenye kile kitanda, akamwita kaka yake kwa jina, akamwambia twende nyumbani. Kutoka hapo aliyebeba tawi haongei na mtu mwingine yeyote, anaongea na marehemu tu, anamwelekeza njia. Binamu yao aliyeendesha gari alituambia kiti cha nyuma walikiacha wazi, wakakifunga mkanda, na Velaphi njia nzima alikuwa akisema, "Kaka, tunavuka daraja. Kaka, sasa tunaingia Umlazi." Mwisho wa safari ni kibanda cha mviringo nyuma ya nyumba yetu, pale ndani kabisa ukutani, tunapochoma ubani na kuongea na wazee. Anaambiwa umefika, tawi linachomekwa kwenye paa, na yeye anapumzika.

Walifika Jumamosi jioni kabla jua halijashuka. Sisi wanawake tulikuwa uani na masufuria, mbuzi amekwisha kuchinjwa. Vijana wamejazana sebuleni, runinga imewashwa. Velaphi alitakiwa kuizunguka nyumba moja kwa moja hadi kibandani. Yeye akakata njia kupitia sebuleni. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la nyama, nikamwona amesimama na tawi mkononi. Timu yao imepata penati. Vijana wanapiga kelele. Nikamsikia kwa masikio yangu, kwa sauti ya chini, akisema, "Kaa hapo, kaka, tuitazame hii penati." Akaliweka tawi kwenye kochi, upande wa kulia.

Penati ikapaa juu ya lango. Vijana wakashika vichwa. Velaphi akalichukua tawi, akalipeleka kibandani, tukala, tukaimba, watu wakaenda makwao. Mimi nilicheka tu. Nilisema, Gumede na mpira wao, hata kwenye mazishi wataulizia matokeo.

Jumamosi iliyofuata nikaanza vita vyangu na sukari. Nilimwandalia bakuli: karoti, matango, maharage ya kuchemsha, kuku wa kuchoma asiye na ngozi, na bisi bila chumvi ili mdomo upate kazi. Maji badala ya soda. Nilitegemea matusi. Alilipokea bakuli, akakaa upande wake wa kushoto, mpira ukaanza.

Nikiwa jikoni nikasikia harufu ya achari ya embe.

Weee! Nilitoka kama askari. "Velaphi, umekula nini?"

"Karoti zako."

"Usinifanye mjinga."

"MaNgubane," akaniita kwa ukoo wa kwetu, "njoo uninuse basi."

Nikamnusa. Nilipekua chini ya kochi, nyuma ya pazia, chooni, mpaka ndani ya gari. Hakuna hata chembe ya mkate. Mpira ulipokwisha nikamchoma kidole, nikaweka damu kwenye kipimo. Namba ikapanda mpaka nikadhani kile kidude kimeharibika. Nikajipima mwenyewe, kiko sawa. Velaphi akacheua, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mchuzi wa mbuzi.

Hapo tuligombana, nisiwafiche. Nilimwita mwongo, nilimwita muuaji wa watoto wake, nilimwambia akitaka kufa aseme nikamtafutie jeneza. Akaapa kwa baba yake aliye kaburini kuwa ameonja vya kwenye bakuli tu. Tena machozi yalikuwa yanamlengalenga. Velaphi ni mwongo wa kawaida, nimemzoea, lakini akidanganya hucheka. Siku hiyo hakucheka.

Ikawa hivyo. Katikati ya wiki damu yake nzuri, muuguzi anafurahi kwenye simu. Jumamosi ya mpira inapanda. Kidonda kikaanza kuwa cheusi pembeni.

Kisha nikaanza kuona mambo mengine. Kochi upande wa kulia, ambako hakuna mtu anayekaa, lilikuwa limebonyea kama mtu mnene ameinuka sasa hivi. Nikilipiga ngumi lijae, Jumamosi linabonyea tena. Mkono wa kochi ule wa kulia ukawa na alama za vidole vya mafuta, na mafuta hayo yana rangi ya manjano ya bizari. Siku moja nilikuwa nimemwaga unga sebuleni bila kukusudia, mpira umeanza, nikasema nitafagia baadaye. Niliporudi na ufagio, mbele ya upande wa kulia kulikuwa na alama ya mguu. Mguu mmoja tu. Pembeni yake, pale ulipotakiwa kuwa mguu wa pili, kulikuwa na kijiduara kidogo cha gongo.

Nilifagia haraka, kama mwizi anayeficha mali, kisha nikatoka uani kumpigia mama mkwe.

MaSibisi alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku ile mwanangu alipoingia na tawi, aliongea nini?"

Nikamwambia. Kaa hapo, kaka, tuitazame hii penati.

"Basi tawi lilifika, mwenyewe hakufika," akasema. "Aliambiwa akae, akakaa. Marehemu habishi, mwanangu. Anafanya alichoambiwa na aliyembeba. Nani alimwambia penati imekwisha?"

"Hakuna, Mama."

"Basi kwake haijaisha."

"Na anakula? Anakula kwa mdomo gani?"

"Kwa ule ulio karibu naye."

Nilikaa chini, pale pale kwenye saruji. Nikauliza tufanye nini. Akasema aliyemkalisha ndiye amwinue, amwite kwa jina alilopewa na baba yake, ampeleke kibandani. Velaphi akishindwa, asubiriwe baba mdogo wa Eshowe, atakuja mwisho wa mwezi. "Lakini wewe tawi usiliguse. Na jina usilitaje. Wewe ni mke, MaNgubane. Ukilitaja unatutukana wote."

"Nimesikia, Mama."

Nilimweleza Velaphi jioni ile. Nilitegemea ashtuke. Yeye akaangalia pembeni, akakuna shingo. "Mama anazeeka," akasema. "Ndoto zimemzidi."

"Na ule mguu kwenye unga nimeuota mimi?"

"Acha watu watazame mpira wao kwa amani, mke wangu."

Watu. Alisema watu. Lilinikaa hilo neno.

Mwisho wa mwezi haukufika. Ilikuja ile mechi yao kubwa, mtaa mzima umevaa rangi, mavuvuzela tangu asubuhi. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa dada yangu. Nilimwekea Velaphi bakuli lake, nikaamua kukaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, nimlinde kwa macho yangu. Nilimtolea macho kipindi cha kwanza chote. Karoti hakugusa hata moja. Bakuli lilikuwa mapajani mwake, limejaa. Lakini mdomo wake ulikuwa unatafuna.

Polepole, kwa starehe, kama mtu mwenye nyama mdomoni. Anameza. Anatafuna tena. Kidevu kinang'aa mafuta.

"Velaphi."

Hakugeuka.

"Velaphi, tema!"

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukalalamika kwa sauti moja, kisha ukanyamaza. Ilikuwa mchana, mwanga wa dirishani unatosha, na kile kioo cha runinga kilikuwa cheusi kama maji ya kisima. Kwenye kioo nikaliona kochi letu. Na watu wawili wamekaa.

Niligeuza shingo kutazama kochi lenyewe. Mtu mmoja. Nikatazama kioo. Wawili. Yule wa kulia ni mnene, ameinama mbele kidogo, gongo limeegemea goti, na wote wawili wanatafuna kwa pamoja.

Nilipiga ukelele ambao jirani yetu, Baba Cele, aliusikia toka kwake. Nikamrukia mume wangu, nikamtingisha. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, pumzi yake inanuka utamu wa tunda lililooza. Macho yamefunguka lakini hayanioni, yanaangalia kile kioo cheusi.

"Mpira umekatika, baba! Umeme hakuna!"

"Bado," akasema. "Penati haijapigwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nikimsubiri baba mdogo wa Eshowe, atakuja kuzika. Mama mkwe anisamehe. Nilikimbilia kibandani, nikavua viatu mlangoni kwa heshima, nikalichomoa tawi kwenye paa. Lilikuwa limekauka, miiba yake ikanichoma kiganjani. Nikarudi mbio, nikaliweka upande wa kulia wa kochi, pale palipobonyea. Palikuwa na joto.

"Shemeji," nikasema. "Shemeji, inuka twende."

Kwenye kioo hakuna aliyetikisika. Wanaume wangapi wameitwa shemeji duniani? Nikaona nitumie jina la ukoo, lile la heshima, halina ubaya. "Gumede! Gumede, inuka tuondoke!"

Wakainuka wote wawili.

Nawaambia, Velaphi macho yake yako vilevile, lakini mwili wake ulianza kunyanyuka kwenye kochi, mikono imelegea, bakuli likadondoka, karoti zikatawanyika sakafuni. Na kwenye kioo wanainuka bega kwa bega, kama walivyokuwa wakiinuka goli likiingia. Gumede ni huyu na Gumede ni yule. Nimewaita wote kwenda kwa wazee!

"Wewe sikukuita! Wewe kaa!" Nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili, akaanguka akakaa. Nilikuwa nalia sasa, makamasi na machozi. Nikashika tawi kwa nguvu, nikafumba macho, nikasema lile jina ambalo halijawahi kupita kwenye kinywa changu tangu nivalishwe kilemba cha ndoa.

"Mfaniseni!"

Nikaita tena.

"Mfaniseni, mwana wa MaSibisi. Penati imepigwa. Imepaa juu. Mpira umekwisha, shemeji yangu, watu wamekwenda makwao. Twende nyumbani."

Nikasikia kochi likilia, vile linavyolia mtu mzito akiinuka. Tawi likawa zito mkononi. Sikutazama kioo. Nilianza kutembea, na kwa sababu nilikuwa nimesikia jinsi inavyofanywa, nikawa naongea. "Hapa ni mlango wa jikoni, kuna kizingiti, angalia mguu. Sasa tuko uani. Hapo ni kamba ya nguo, inama." Na nyuma yangu, kwenye saruji, naisikia sauti ya gongo, kisha mguu. Gongo, mguu. Baba Cele alikuwa amesimama kwenye uzio, mdomo wazi. Baadaye aliniambia hakuona mtu, lakini kamba ya nguo aliiona ikiinuliwa.

Kibandani nikapiga magoti. Nikamwambia amefika. Nikachomeka tawi mahali pake. Nikamwomba msamaha kwa kumtaja, nikamwambia kama ana kinyongo anitafute mimi, si mume wangu. Kisha nikatoka mbio, na Baba Cele akawasha gari.

Velaphi alilala hospitalini siku kadhaa. Kidole kilikatwa. Mguu ukabaki, na yeye akabaki. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo tu angekuwa anatuambia mengine.

Mama mkwe nilimpigia mwenyewe, nikamwambia nimelitaja. Alivuta pumzi ndefu. "Aliinuka?" "Aliinuka, Mama." "Basi nyamaza. Na mimi sikusikia kitu."

Siku ya kumrudisha Velaphi nyumbani alisimama sebuleni na gongo alilopewa, akaangalia upande wa kulia wa kochi. Nilikuwa nimelipiga ngumi, limejaa vizuri. Akaanza kulia, mtu mzima.

"Haikunitoka kwa bahati mbaya," akasema. "Ile siku ya tawi. Nilimkalisha kwa makusudi."

"Unasema nini?"

"Kibandani hakuna runinga, MaNgubane. Amelala wodini mwezi mzima bila mtu wa kukaa naye. Nikasema nimweke ukutani kule gizani, na mimi nikae hapa peke yangu nikitafuna karoti? Nilijua anakula. Nilimsikia kando yangu. Nilikuwa nafurahi."

Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka kuchukua lile gongo nimpige nalo. "Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi niko jikoni namenya mboga ili uishi, kumbe wewe umeshachagua wa kukaa naye?"

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mpira. Nilitengeneza mabakuli mawili ya karoti, matango na kuku asiye na ngozi. Nikaenda nyuma, nikafungua dirisha la kibanda ili sauti ifike. Kisha nikaja nikakaa kwenye kochi, upande wa kulia. Velaphi akanitazama kama nimepanda juu ya meza.

"Wewe hujui hata kuotea ni nini."

"Nifundishe."

Akanifundisha. Sikuelewa. Yule wa njano alikimbia, yule wa bluu akaanguka, watu wakapiga kelele, mimi natafuna matango na kusinzia. Kuelekea mwisho wakapata penati. Velaphi akasogea mbele, pumzi imembana, na mkono wake ukaja wenyewe kwenye bakuli langu, macho hayatoki kwenye runinga.

Nikauchapa.

Aliganda. Polepole akanigeukia. Kule nyuma, kibandani, kitu kilipiga sakafu mara moja, kama gongo la mtu anayeharakisha refa apulize filimbi.

Sikugeuka. Nilimwekea karoti mkononi mwake. "Tazama mbele," nikamwambia. "Wanapiga."